Mpira Usioguswa

Kwetu Kenya kocha huvaa traksuti, akaning'iniza filimbi shingoni, akasimama kando ya uwanja akitukana kwa adabu. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipowaona makocha wa besiboli wa chuo chetu kidogo, kusini-magharibi mwa Dallas, nilidhani ni wachezaji waliorudia darasa miaka arobaini mfululizo. Wazee wazima, wamevaa jezi zenye namba mgongoni, mikanda, soksi za kufika magotini na suruali za kubana ambazo mama zao wangewavua kwa nguvu. Mmoja alikuwa na magoti ya chuma na bado alivaa viatu vya njumu, utadhani anasubiri kuitwa aingie. Niliuliza kama ni siku ya maigizo, nikaambiwa hapana, hivi ndivyo makocha wa besiboli wanavyovaa nchi nzima.

Siwacheki kwa ubaya. Nimekaa nao misimu minne sasa na ninawapenda. Lakini kumpenda mtu hakukuzuii kuiona suruali yake.

Walikuwa watatu. Kocha mkuu alikuwa mtu wa amani. Alikata nyasi za uwanja mwenyewe, akachora mistari ya chokaa mwenyewe, akaendesha basi dogo la timu mwenyewe, na akizungumzia nyasi zile macho yalimlainika kuliko alipomzungumzia mkewe. Alijua kuuma na kupuliza, ila mara nyingi alisahau kuuma. Kocha wa warushaji, yaani wale wanaourusha mpira kwa mpinzani, alikuwa pande la mtu, kijana wa miaka thelathini na kitu, shavu moja limejaa mbegu za alizeti kutwa nzima. Ukitaka kujua amepita wapi, ulifuata maganda. Wa tatu ndiye huyo wa magoti ya chuma, mzee mwembamba, kocha wa wadakaji, yaani wale wanaosimama uwanjani kuuzuia mpira ukishapigwa. Kila asubuhi alisimama na rungu lake jembamba akiwapigia vijana mipira ya kutambaa, mmoja baada ya mwingine, akihesabu kwa sauti kama mwalimu wa chekechea.

Mimi ni karani katika ofisi ya msajili wa chuo. Kazi yangu ni maksi. Nina sifa moja ambayo mume wangu huiita ugonjwa: nikishaandika, sibadilishi. Mwanafunzi mmoja aliwahi kulia mbele ya meza yangu hadi fomu zikalowa. Nilimpa tishu, sikumpa maksi. Habari kama hizo huzunguka chuo kidogo haraka, na hivyo ndivyo kocha mkuu alivyokuja ofisini siku moja, kofia mkononi, boksi la donati kwapani. Huku Texas mwanamke wa umri wangu huitwa “ma'am” na kila mtu, hata na polisi anayemwandikia faini.

“Ma'am,” akasema, “ninatafuta mtu asiyependa besiboli.”

“Umempata,” nikamwambia.

Kazi yenyewe ilikuwa hii, na nitaieleza mara moja tu. Mtu anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa rungu na kutimka kwenda kituo cha kwanza. Akifika salama, lazima mtu mmoja aliyeketi kwenye kibanda cha juu aamue ni kwa nini amefika. Je, aliupiga vizuri? Hilo linaandikwa pigo, na sifa ni zake. Au kuna mdakaji aliyepaswa kumtoa akauangusha mpira? Hilo linaandikwa kosa, na aibu ni ya mdakaji. Sheria inauliza swali moja tu: kwa juhudi za kawaida, mpira ule ungedakwa? Nikishaamua ninabonyeza kitufe, taa inawaka kwenye ubao mkubwa, na uwanja mzima unaona. Aliyeshinda habadiliki kwa kalamu yangu. Kinachobadilika ni nani wa kulaumiwa, na nimegundua kuwa watu hulijali hilo kuliko ushindi.

Sheria pia inampa mwandishi muda mfupi wa kujirekebisha kabla ripoti haijatumwa, na kwetu muda huo ulikuwa Jumatatu asubuhi. Hapo ndipo nilipowajua makocha wangu. Saa mbili kamili aliingia wa warushaji, akakaa, akasifu gauni langu, kisha akaomba pigo fulani niligeuze liwe kosa. Bao linaloingia kwa sababu ya kosa halihesabiwi dhidi ya mrushaji, kwa hiyo kwake kila mpira uliopita ulikuwa uzembe wa mdakaji. Saa mbili na robo aliingia mzee, akaketi kwenye kiti kile kile kikiwa bado na joto, akaniomba kosa lile jingine niligeuze liwe pigo, maana kwake hakuna mdakaji aliyewahi kukosea tangu dunia iumbwe. Watu wa timu moja! Walikuwa wametoka kula mayai meza moja, kisha kila mmoja akaja kwangu kumchongea mwenzake. Saa tatu alikuja kocha mkuu na donati, akasema wote wawili wana hoja nzuri, akaniuliza kama nimeona jinsi nyasi za upande wa kushoto zilivyoota.

Niliwasikiliza wote. Nilikula donati. Sikubadilisha hata herufi.

Nyumbani Arlington mume wangu alikuwa akinisubiri na maswali. Yeye anafanya kazi kwenye ghala la mizigo Euless, karibu na uwanja wa ndege, na huja amechoka, lakini uchovu haujawahi kumfunga mdomo.

“Leo ume-mark nani?” huniuliza.

“Sijam-mark mtu. Ninaandika chenye nimeona.”

“Mama, wewe hata Mungu akichelewesha mvua utamwandikia kosa.”

Ana malalamiko yake ya siku nyingi kwamba hawezi kuendesha gari nikiwa ndani. Anasema ninabeba kalamu mdomoni. Eti nikikaa kiti cha mbele, mikono yake inasahau kazi. Mimi humjibu kwamba mikono hiyo ilikuwa imesahau kabla hatujaoana. Binti yetu, kutoka kiti cha nyuma, hutuambia kwa Kiingereza kwamba anatamani angezaliwa kwa watu wengine.

Msimu wa tatu makosa yakaanza kupungua.

Mwanzoni nilijipongeza. Wiki ikapita bila kosa, ikafuata nyingine yenye kosa moja. Jedwali la vyuo vya ligi yetu likaonyesha kuwa wadakaji wetu ndio wenye makosa machache kuliko wote. Mzee akaacha kuja Jumatatu kwa sababu hakuwa na rufaa tena, na nikiwa mkweli, nilimkosa. Nikaanza kufikiri, kwa kiburi ambacho sasa kinanitia haya, kwamba ni kalamu yangu iliyowanyoosha. Mwalimu mkali, wanafunzi hodari.

Jambo la ajabu ni kwamba tulikuwa tunafungwa. Kocha wa warushaji alikonda usoni, na maganda ya alizeti yakazidi sakafuni mwa ofisi yangu. “Mipira inapita, ma'am,” aliniambia. “Mipira ya kawaida kabisa. Inapita katikati ya watu kana kwamba wanapishana nayo njiani.” Nilimpa ufagio. Nilidhani ni yale yale ya kumchongea mzee.

Aliyegundua ni mume wangu, ambaye hajui besiboli hata kidogo na hataki kuijua. Alikuwa na Jumamosi ya mapumziko, akaja na chai kwenye thermosi na mandazi kwenye mfuko wa karatasi, akaketi karibu nami kwenye kibanda cha juu. Alitazama kwa muda kimya, jambo ambalo lilinitia wasiwasi.

“Hebu niulize,” akasema. “Huyu kijana wa katikati ana shida ya mkono?”

“Hapana. Ndiye bora tuliye naye. Hana kosa hata moja mwezi huu.”

“Mbona mpira ukikuja ana-pull back? Angalia glavu. Inaenda, halafu inarudi. Ni kama mtu anataka kushika sufuria akakumbuka iko moto.”

Nilitaka kumwambia anyamaze ale mandazi yake. Badala yake nikatazama. Mpira ulitambaa upande wa kushoto wa kijana yule. Akapiga hatua moja, mbili, glavu ikashuka, na mpira ulipokaribia, glavu ikaenda pembeni kidogo, kiasi cha upana wa kiganja. Mpira ukapita. Mpigaji akafika salama. Nikaandika pigo, kwa sababu huwezi kumwandikia mtu kosa kwa mpira ambao hakuugusa na ambao, kwa macho ya mtu wa juu, hakuufikia. Nikatazama tena awamu iliyofuata, nikamwona mwenzake wa kituo cha tatu akifanya hivyo hivyo. Chai ikanipoa mkononi.

Wale vijana hawakuwa wameboreka. Walikuwa wamejifunza kutougusa mpira.

Jumatatu nilimfuata mzee uwanjani. Alikuwa peke yake, anamwagilia udongo kwa mpira mrefu wa maji, amevaa jezi yake namba mgongoni ingawa hakukuwa na mchezo wala mtu wa kumwona. Sikuanza kwa salamu, na kwa mtu aliyelelewa kwetu hilo pekee ni matusi.

“Umewafundisha kukwepa,” nikamwambia.

Hakukana. Alifunga maji kwanza, akaukunja mpira vizuri, kisha akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

“Niliwaambia tu, kama huna hakika, usiuguse,” akasema. “Vijana wana akili. Wakaelewa zaidi ya nilivyosema.”

Kisha akaniambia kilichokuwa nyuma ya jambo hilo. Mkurugenzi wa michezo alikuwa ametangaza kwamba mwisho wa msimu nafasi moja ya kocha itafutwa. Wako watatu. Kocha mkuu hafutwi. Kijana wa warushaji ana watoto wawili wadogo, na ana kompyuta yenye video za kila mrusho, kitu ambacho wakubwa hukipenda hata wasipokielewa. “Mimi sina video,” akasema. “Nina karatasi zako. Kama karatasi zako zikisema wadakaji wangu ndio bora katika ligi, atanifukuza kwa sababu gani?” Alikuwa amefundisha pale tangu kijana wa warushaji akiwa kwenye nepi. Nyumbani alikuwa na televisheni na paka asiyempenda. Hakusema hayo ili nimhurumie, alisema kama mtu anayesoma orodha ya vifaa.

“Na wewe, ma'am,” akaongeza, “huna huruma. Nimekutazama miaka mitatu. Hujawahi kuandika kosa kwa mpira usioguswa. Kwa hiyo nikapita hapo hapo.”

Nilisimama pale juani. Kilichonijia akilini ni darasa la sita. Tulikuwa na mwalimu wa hesabu ambaye kila jibu lisilo sahihi lilikuwa kiboko kimoja. Swali lililoachwa wazi halikuwa na kiboko, lilikuwa na kelele tu, na kelele haziumi. Darasa zima tukaelewa. Mimi ndiye niliyeelewa kuliko wote. Mwisho wa muhula daftari langu lilikuwa safi, halina alama nyekundu hata moja, na mwalimu akaliinua juu darasa zima lione. Lilikuwa safi kwa sababu lilikuwa tupu. Sehemu, zile za namba juu ya namba, nimekuja kuzijua nikiwa mama wa watoto wawili, nikimsaidia binti yangu kazi ya nyumbani huku nikijifanya ninazikumbuka.

Nikamsimulia mzee kisa hicho. Alicheka sana, akapangusa macho, kisha akaacha kucheka.

“Huyo mwalimu,” akasema, “nani kati yetu?”

“Sijui,” nikasema. “Labda tumegawana.”

Sikumripoti. Wala sikujua ningemripoti kwa lipi. Hakuna sheria aliyoivunja, na niliyoandika yote yalikuwa kweli. Nilirudi ofisini nikiwa na hasira, sehemu yake kwake na sehemu kubwa kwangu.

Mwisho wa msimu timu ilikwenda Houston kucheza na chuo kimoja cha huko, michezo mitatu, Jumamosi miwili na Jumapili mmoja. Tukishinda hata mmoja tungeingia mashindano ya ligi. Chuo hicho ndicho kilichotufuata kwenye jedwali la makosa, tena kwa tofauti ya kosa moja. Mwandishi wao alikuwa anamwoza mwanawe wikendi hiyo, na pande zote mbili zikakubaliana nikalie kiti chake. Kocha mkuu alisema ni heshima kubwa. Nilimwambia heshima ya kuchukiwa na vyuo viwili kwa siku moja.

Mume wangu alinipeleka. Nilikuwa nimejiahidi kutosema neno juu ya uendeshaji wake, na nilinyamaza kutoka Arlington hadi Corsicana, jambo ambalo analisimulia kanisani mpaka leo kama ushuhuda. Baada ya Corsicana kulikuwa na lori, nami ni binadamu.

Houston ilitupokea na joto lenye maji, nguo inakung'ang'ania kama mtoto aliyekataa kushuka mgongoni. Jumamosi tulifungwa yote miwili. Niliiona mipira miwili ikipita karibu na glavu zilizorudi nyuma, nikaandika pigo, pigo. Mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda cha wachezaji mikono kifuani. Safari hii hakuinua macho kunitazama, naye alikuwa na desturi ya kunitazama kila taa ilipowaka.

Jumapili asubuhi, kabla ya mchezo, nilimwona akiwakusanya wadakaji wake wanne kwenye nyasi. Hakuzungumza kwa muda mrefu. Alichowaambia nilikuja kukijua kwa kocha mkuu, aliyekuwa karibu akikagua nyasi za watu: “Leo gusa kila kitu. Kosa likiandikwa, mwambie mtu yeyote ni langu.”

Ulikuwa mchezo mwingine kabisa. Wale vijana walijirusha chini, wakala vumbi, wakadaka mipira ambayo msimu mzima ilikuwa ikipita. Kocha wa warushaji alisahau mbegu zake, akabaki na shavu tupu, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana sura nzuri. Tulifika awamu ya mwisho tukiwa mbele kwa bao moja. Wapinzani walikuwa wamebakiwa na nafasi moja, yaani akitolewa mmoja wao tu mchezo umekwisha, lakini walikuwa na mtu kwenye kituo cha pili. Mpira ukitoka tu kwenda nyasi za nyuma, huyo angekimbia hadi nyumbani, yaani kituo cha mwisho ambapo bao huhesabiwa, na tungekuwa sare.

Mpira ukapigwa kwa kijana wa katikati. Ulikuja na kasi lakini ulikuja umenyooka, karibu naye. Akapiga hatua mbili akauwahi, akasimama mbele yake, akashusha glavu, na glavu haikurudi. Mpira ukaingia, ukaruka, ukamdondokea miguuni. Akauangukia kama mtu aliyeangusha shilingi. Mpigaji alikuwa amefika salama, lakini yule wa kituo cha pili alikomea cha tatu. Hakuingia nyumbani.

Uwanja mzima ukageuka kuutazama ubao.

Ninataka kusema ukweli hapa, kwa kuwa nimejigamba sana juu ya kalamu yangu. Nilijua jibu. Kwa juhudi za kawaida, mpira ule ungedakwa. Lilikuwa kosa, halina mjadala, na kosa hilo lingewasogeza wenzetu wa Houston hadi kulingana nasi kwenye jedwali, na lile neno “bora kuliko wote” alilokuwa analitegemea mzee lingekufa. Na mkono wangu, ambao haukutetemeka mbele ya mwanafunzi aliyelia, ulielekea kwenye kitufe cha pigo. Nilijiambia kwamba mpira ulikuwa na kasi. Nilijiambia nani angejua. Nilimhurumia mzee yule na nikaona aibu kwamba huruma imenijia mahali pasipofaa, baada ya miaka mitatu ya kuikosa mahali ilipofaa.

Nikatazama chini. Mzee alikuwa ametoka kibandani, amesimama juani na suruali yake ya kubana, ananitazama mimi na si ubao. Aliinua kiganja cha kushoto, na kwa kidole cha kulia akaandika juu yake, taratibu. Andika.

Nikabonyeza kosa. Taa ikawaka. Mzee akamgeukia kijana wa katikati akampigia makofi, makofi makubwa ya mtu mzima aliyefurahi, na kijana akavuta kofia akarudi mahali pake. Mpigaji aliyefuata akaupiga mpira juu sana, ukakaa angani muda mrefu kama unafikiria, kisha ukashuka kwenye glavu. Tulikuwa tumeshinda.

Baadaye nilisikia njumu zikigonga ngazi za chuma za kibanda changu, moja, kituo, moja, kituo. Hakuwahi kupanda ngazi zozote kuja kwangu kwa sababu ya magoti. Alisimama mlangoni akihema.

“Umeandika?”

“Nimeandika.”

“Vizuri. Alikuwa mbele ya mpira,” akasema, kisha akaanza safari ya kushuka, ambayo ilikuwa ndefu kuliko ya kupanda.

Kwenye mashindano tulitolewa siku ya pili. Wiki mbili baadaye kocha mkuu alikuja ofisini Jumatatu saa tatu, akaketi, na mikono yake ilikuwa mitupu. Hakuwa na donati. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Nafasi iliyofutwa ilikuwa ya mzee. Nikauliza kama ni kwa sababu ya lile kosa la Houston, na kocha mkuu akatikisa kichwa.

“Ma'am,” akasema, “uamuzi ulifanywa wakati wa baridi, kabla msimu haujaanza. Mkurugenzi hajawahi kufungua zile karatasi. Hajui hata zinasomwaje.”

Nilikwenda chooni nikalia. Nililia kwa ajili ya mzee, na nililia kwa ajili ya msimu mzima wa mipira iliyoachwa ipite ili kumfurahisha mtu ambaye hakuwa akitazama. Niliporudi kocha mkuu alikuwa bado ameketi, ameokota maganda ya alizeti yaliyosahauliwa chini ya kiti na kuyapanga mezani kwangu kwa mstari ulionyooka. Jioni mume wangu aliniuliza nime-mark nani. Nilimwambia sitaki kuzungumza, naye, kwa sifa yake, akachemsha chai.

Msimu huu, wa nne, kwenye ukurasa wa chuo mtandaoni, palipokuwa na nyuso tatu za makocha sasa pana mbili. Kocha mkuu na yule kijana wanagawana wadakaji kwa zamu, na hawajui kuwapigia mipira ya kutambaa kama mzee. Siku ya mchezo wa kwanza nilisikia hatua kwenye ngazi, moja, kituo, moja, kituo. Aliingia na kiti chake cha kukunja, akakifungua kando yangu bila kuomba ruhusa. Kwa sekunde moja sikumtambua. Alikuwa amevaa suruali pana ya kawaida. Nilimwambia hatimaye amevaa kama baba ya watu, akasema inapitisha upepo mno, hajaizoea.

Sasa huja kila Jumamosi. Hana tena wa kumtetea, kwa hiyo amekuwa mkali kuliko mimi. Kijana akiwahi mpira akauangusha, mzee hupiga goti lake la chuma na kusema “Kosa!” kwa furaha, kabla sijagusa kitufe. “Andika, ma'am. Andika, aliufuata!” Wazazi walioketi chini yetu hugeuka kutuangalia vibaya.

Jumamosi iliyopita mpira ulitambaa kwa mdakaji mgeni, wa mwaka wa kwanza. Akapiga hatua moja, mbili, glavu ikashuka. Kisha ikarudi, upana wa kiganja. Mpira ukapita. Hakuna mtu uwanjani aliyeona chochote. Sisi wawili tuliona.

“Huyo ndiye aliyekosea,” akasema mzee, “ila kitabu chako hakina mahali pa kumwandika.”

“Hakina,” nikasema.

Nikabonyeza pigo, kama sheria inavyotaka. Mzee akainuka, akaniachia kiti chake nikilinde, akaanza kuteremka ngazi kwenda kumtafuta yule kijana.